Msomi Hunukuliwa na Nani?

  Wewe unayefunga biashara soko la Kilombero, wewe uliye jikoni Usa River, na wewe dereva uliyesimama Sakina ukingoja abiria wajae, nisikilizeni. Leo nimekuja na jambo la wasomi. Naomba usizime redio ukidhani halikuhusu, maana wasomi hawa hutafuta kazi yao nyumbani kwako.

Tazama tulivyozungukwa hapa Arusha. Ukishika barabara ya Moshi, hujamaliza nauli ya daladala umeshafika Tengeru, penye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Songa mbele kidogo, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, halafu Usa River kuna Chuo Kikuu cha Arusha. Ukirudi mjini ukaingia Njiro, kuna Chuo cha Uhasibu. Upande wa pili, Selian, wapo watafiti wa kilimo. Kila mwaka vijana na walimu wao hutoka huko na madodoso, wakapanda vijiji vya Mlima Meru wakiuliza: mnapataje habari za bei ya vitunguu, mnasikiliza redio gani, mtoto anakunywa maji ya wapi, daktari akiongea mnamwelewa?

Majibu yenu yanakwenda wapi? Yanageuka makala. Makala inachapishwa kwenye jarida la kitaaluma. Halafu inaanza hesabu, na hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie leo: msomi amechapisha makala ngapi, na wasomi wenzake wamemnukuu mara ngapi. Hiyo ina uzito mkubwa anapoomba kupanda kutoka mhadhiri hadi profesa, na anapoomba fedha za utafiti. Serikali nayo imeliona. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza kwamba mtafiti wa Tanzania atakayechapisha kwenye jarida la kimataifa la hadhi ya juu atazawadiwa shilingi milioni 50. Mimi naliunga mkono jambo hilo. Nchi isiyowathamini watafiti wake itaendelea kuelezwa habari zake na wageni.

Lakini kwa msomi wa mawasiliano nina swali la ziada. Huyu hachunguzi mawe wala nyota. Anachunguza namna watu wanavyoambiana mambo, wanavyoaminiana na wanavyokubali jambo jipya. Tukitaka kujua kama kazi yake ina maana, tumuulize nani?

Kwanza tuelewe hesabu yenyewe inavyofanyika. Mwanafunzi wa uzamili anaandika kuhusu wakulima na simu za mkononi. Anasoma makala ya profesa fulani, anachukua hoja yake, na mwishoni mwa kazi anaorodhesha jina la profesa huyo, mwaka na jarida. Kazi ya mwanafunzi ikichapishwa kwenye jarida linalotambuliwa na kanzidata kubwa za dunia, kompyuta inaisoma ile orodha na kumwandikia profesa nukuu moja. Ukisikia msomi ana nukuu 1,000, maana yake ameorodheshwa hivyo mara 1,000.

Aliyeanzisha utaratibu huu ni Mmarekani Eugene Garfield. Mwaka 1955 aliandika kwenye jarida la Science akipendekeza faharasa ya nukuu, na mwaka 1964 faharasa yake ya sayansi ikatoka. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Alitaka msomi anayesoma makala aweze kufuatilia nani ameitumia baadaye, na hasa nani ameikosoa, ili watu wasiendelee kubeba makosa ya zamani kama ukweli. Kilikuwa chombo cha kutafutia maarifa. Kupimia watu kulikuja baadaye. Mwaka 2004 zikaja Scopus na Google Scholar, hesabu ikawa rahisi kwa yeyote mwenye intaneti. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akatoa kipimo kinachoitwa faharasa ya h.

Nikieleze kwa mfano. Mhadhiri ana makala 10. Ya kwanza imenukuliwa mara 30, ya pili 18, ya tatu 9, ya nne 6, ya tano 5, ya sita 3, ya saba mara moja, na tatu zilizobaki hazijanukuliwa kabisa. Anazo makala 5 zilizonukuliwa angalau mara 5 kila moja, basi h yake ni 5. Sasa tuseme ile makala ya kwanza imebadilisha fikra za dunia, ikanukuliwa mara 3,000 badala ya 30. H yake bado ni 5. Na tuseme ile iliyonukuliwa mara moja tu ndiyo iliyomfanya mganga mkuu wa wilaya abadilishe namna ya kuzungumza na wajawazito. H yake haijatikisika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Namba ikishakuwa ndiyo sifa yenyewe, wapo watakaogawa utafiti mmoja makala nne, watakaojinukuu wenyewe, na watakaonukuliana kama marafiki wanaolipiana chai.

Hata hivyo sisemi nukuu ni upuuzi. Ngoja nikupe mfano wa msomi wa mawasiliano ambaye nukuu zake zinaonyesha jambo la kweli.

Everett Rogers alizaliwa mwaka 1931 huko Carroll, jimbo la Iowa, Marekani, mtoto wa mkulima. Baba yake alipenda mitambo mipya ya shamba, lakini mbegu chotara za mahindi alizikataa. Mwaka 1936 ukaja ukame. Mahindi ya jirani, ya mbegu chotara, yakasimama. Ya akina Rogers yakanyauka. Mzee akasadiki. Mtoto naye akakua na swali ambalo wakulima wa Meru mnalijua vizuri: kwa nini mtu mwenye akili zake hukataa kitu kinachomfaa, na ni nini hatimaye humfanya akubali? Mwaka 1962 Rogers alitoa kitabu chake kuhusu namna mambo mapya yanavyosambaa katika jamii, Diffusion of Innovations. Kikatoka mara tano, toleo la mwisho mwaka 2003, mwaka mmoja kabla hajafariki. Leo nukuu zake zimevuka 100,000. Bwana shamba anapomtafuta kwanza yule mkulima ambaye wenzake wanamsikiliza, akampa mbegu ajaribu kwenye kipande cha shamba, mawazo ya Rogers yamo.

Ninachokiheshimu zaidi kwake ni makala ya mwaka 1976. Alikwishakuwa mkubwa. Angeweza kukaa akavuna sifa. Badala yake aliandika kwamba ule mtazamo wa zamani, wa kudhani maendeleo ni habari zinazoshuka kutoka kwa wataalamu kwenda kwa wananchi, umepitwa na wakati, na alijua kwamba kazi zake mwenyewe zilikuwa zimeujenga mtazamo huo. Msomi aliyenukuliwa kiasi hicho akakubali kurekebishwa hadharani. Huo ndio ukubwa.

Na Rogers huyo alikuja kufanya kazi na sisi. Wale wenye umri wangu mnaukumbuka mchezo wa redio Twende na Wakati. Ulianza Julai 1993 Radio Tanzania. Alikuwepo dereva wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyeachiwa mzigo wa nyumba. Tulimchukia Mkwaju, na bado tukahakikisha hatukosi kipindi. Nyuma ya mchezo kulikuwa na utafiti mkubwa. Redio ilirusha mchezo nchi nzima isipokuwa eneo la mtambo wa Dodoma, ambako hadi mwaka 1995 saa hiyo walisikia vipindi vingine. Watafiti wakahoji watu huku na kule, mwaka hadi mwaka, wakalinganisha. Mwaka 1999 Rogers, Peter Vaughan, Ramadhan Swalehe na wenzao wakachapisha matokeo: palipofika mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma, na Dodoma walipofikiwa nao wakapanda. Mwaka 2000 ikatoka makala nyingine kuhusu Ukimwi. Tafiti hizo hadi leo hurejelewa duniani kote kila wanapojadili kama hadithi ya redio inaweza kubadilisha mwenendo wa watu. Jina la Tanzania limo, na jina la Mtanzania limo kati ya waandishi.

Hapo nukuu zinasema kweli. Lakini mfikirie yule mama wa Dodoma aliyefungua mlango, akamkaribisha mgeni kigoda, akajibu maswali ya chumbani mwake. Kwa miaka miwili saa ya mchezo ilipofika alirushiwa kitu kingine, na ukosefu wake ndio ulioupa utafiti nguvu. Bila yeye hakuna kulinganisha, na bila kulinganisha hakuna makala. Makala hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, kwenye majarida yanayosomwa vyuoni. Yeye hahesabiwi katika nukuu hata moja.

Sasa njoo hapa mjini kwetu. Kwa miaka mingi, pale Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Tarehe 23 Oktoba 2000 ikaanza kesi iliyoitwa kesi ya vyombo vya habari. Washtakiwa walikuwa watatu: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Swali lililokuwa mbele ya majaji ni swali la mawasiliano tupu: maneno yaliyosemwa kwenye kipaza sauti na kuandikwa gazetini yalifanya nini vichwani mwa watu?

Walioitwa kulijibu ni wasomi. Alikuja Jean-Pierre Chrétien, mwanahistoria wa Ufaransa, ambaye mwaka 1995 yeye na wenzake walikuwa wametoa kitabu kuhusu vyombo vya habari vya mauaji yale. Alikuja Alison Des Forges, mwanahistoria wa Marekani. Alikuja Mathias Ruzindana, mtaalamu wa lugha kutoka Rwanda, akawaeleza majaji maneno ya Kinyarwanda yalivyoeleweka na Mnyarwanda wa kawaida aliyekuwa akisikiliza. Jambo lenyewe lilikuwa zito: neno likimaanisha wapiganaji tu ni habari ya vita, likieleweka kuwa ni kila Mtutsi, mtangazaji ameelekeza mapanga kwa jirani. Hukumu ikatoka hapa Arusha tarehe 3 Desemba 2003, wote watatu wakatiwa hatiani. Rufaa ikaamuliwa tarehe 28 Novemba 2007: baadhi ya makosa yakaondolewa, kifungo cha Nahimana kikashuka kutoka maisha hadi miaka 30, cha Ngeze kutoka maisha hadi miaka 35, cha Barayagwiza kutoka 35 hadi 32.

Msikilizaji, pima mwenyewe. Msomi anasimama kizimbani, anahojiwa na mawakili wanaotaka kumvunja, na kazi yake inasaidia kuamua haki ya watu waliokufa kwa maelfu na hatima ya walio hai. Ni nani atasema hiyo haikuwa athari ya utafiti? Lakini ushahidi wa mahakamani si makala ya jarida. Katika ile hesabu ya nukuu, maelezo ya Ruzindana mbele ya majaji hayana pa kuandikwa.

Kesi ile inafundisha na jambo la pili, zito zaidi. Nahimana mwenyewe alikuwa mwanahistoria, mhadhiri wa chuo kikuu, mwenye tafiti zilizochapishwa. Elimu yake haikumzuia kuanzisha redio ile. Kwa hiyo tunapompima msomi wa mawasiliano, urefu wa orodha ya machapisho yake hautuambii anaitumikia nini. Hilo lazima liulizwe peke yake.

Na mabishano hayakuishia mahakamani. Mwaka 2007 Scott Straus alichapisha utafiti akisema redio peke yake haiwezi kueleza sehemu kubwa ya mauaji, kwamba wengi waliingia kwa kushinikizwa na watu waliosimama mbele yao. Mwaka 2014 David Yanagizawa-Drott akatumia milima ya Rwanda kama kipimo: kijiji kilichozibwa na kilima hakikushika mawimbi, cha pili yake kilishika. Akakadiria kwamba takribani sehemu moja kati ya kumi ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo. Wawili hawa hawakubaliani, na wote wananukuliwa sana. Anayemkosoa Straus anamwongezea Straus nukuu. Kompyuta haijui kupongeza wala kukataa. Ukitaka kujua nani yuko sahihi, itakubidi usome.

Kuna njia nyingine ya kufanya utafiti, na kwa sehemu imezaliwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mnaikumbuka. Watu wakaundiwa vikundi, kila kikundi na redio, kitabu na kiongozi aliyefunzwa. Kipindi kikimalizika hawakuondoka. Walikaa wakajadili, kisha wakaamua cha kufanya kijijini kwao. Takribani watu milioni 2 walishiriki. Vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba, visima vikafunikwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Katika miaka hiyo hiyo walikuwepo watafiti kama Budd Hall, aliyefanya kazi Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, walioanza kusema wazi kwamba mwanakijiji asihojiwe tu kisha akaachwa. Awe mwenza katika kuuliza, kuchambua na kuamua. Wakauita utafiti shirikishi. Leo utafiti shirikishi unafundishwa toka Kanada hadi India, na wanaoufundisha hukiri kwamba Tanzania ni moja ya vitovu vyake.

Hebu fikiri. Moja ya michango ya nchi hii iliyonukuliwa sana katika taaluma ya mawasiliano na elimu inasema: mrudie aliyekujibu. Na sisi tulioitoa ndio tunaosahau kuitenda.

Nataka nikuonyeshe hasara yake hapa hapa mlimani. Maji. Meru ni volkano, na mawe yake yana madini ya floraidi mengi. Kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki na Oldonyosambu, kuna vyanzo vyenye floraidi mara kadhaa zaidi ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Matokeo yake tunayaona kwenye meno ya kahawia ya vijana wetu, na pale hali ilipozidi, kwenye miguu iliyopinda. Tafiti zipo tele. Pale Ngurdoto serikali ina kituo cha kuchunguza namna ya kuondoa floraidi, ambacho kimefanya kazi kubwa ya kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Pale Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alitengeneza chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Wasomi wamenukuliana kuhusu maji ya Meru vya kutosha.

Sasa chukua sufuria ya mama mmoja wa Leguruki. Ameambiwa tangu utoto, na sawa kabisa, kwamba maji yachemshwe ndipo yanywewe. Anachemsha kwa bidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Mvuke unapanda, maji yanapungua, floraidi inabaki ile ile kwenye maji machache zaidi. Halafu jioni anapika maharage, anatia magadi ili yaive haraka. Watafiti wa afya ya meno walishachapisha tangu miaka ya 1990 kwamba magadi nayo huweza kubeba floraidi nyingi. Mama huyu hana uzembe wowote. Anatii elimu aliyopewa. Elimu aliyokosa imefungiwa kwenye majarida. Kama angeambiwa kwamba maji ya mvua yakikingwa vizuri yana floraidi kidogo sana, na kwamba mtoto anahitaji kulindwa hasa miaka minane ya mwanzo, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, angejua ndoo ya maji ya mvua ampe nani kwanza. Kwa mwaka mmoja maarifa hayo yangemaliza kazi ambayo nukuu 100 haziwezi.

Hapo ndipo pa msomi wa mawasiliano. Mwanakemia amepima. Mhandisi ametengeneza chujio. Daktari ameona meno. Aliyesomea namna habari inavyomfikia mtu, namna anavyoiamini na anavyoitenda, ndiye wa kuunganisha. Akiishia kuandika makala kwamba jamii za Meru zina uelewa mdogo kuhusu floraidi, halafu akanukuliwa na wenzake 20 wanaosema jamii za kwao nazo zina uelewa mdogo, kazi imebaki mezani.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza, kila tasnifu na kila utafiti uliofanyika vijijini kwetu utolewe muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili safi kisicho na majivuno, usomwe kwenye mkutano wa kijiji na kwenye redio za hapa. Usomwe kabla makala haijakwenda kuchapishwa, ili wananchi waweze kusema: hapa umetuelewa vibaya. Watafiti wenyewe watafaidi. Kosa analoliona mzee wa Ngarenanyuki kwa dakika tano linaweza kumpita mhakiki aliye Ulaya asiyejua jua letu.

La pili, vyuo vihesabu kazi hiyo wakati wa kupandisha vyeo. Hili silitoi kichwani. Desemba 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco waliandaa azimio la kuwataka wenzao waache kupima utafiti kwa hadhi ya jarida peke yake. Mwaka 2015 kundi la wataalamu wa vipimo hivyo, wakiongozwa na Diana Hicks, walichapisha kwenye jarida la Nature ilani ya Leiden yenye kanuni 10, na moja ya kanuni hizo ni kulinda utafiti bora unaohusu mahali ulipofanyika. Yaani wanaotengeneza mizani wenyewe wanatuonya tusiiamini kupita kiasi. Kwa nini sisi tuishike kwa mikono miwili?

La tatu, tuandike pia kwa Kiswahili, na tunukuu kilichoandikwa kwa Kiswahili. Lipo jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lenye mizizi yake kwenye jarida la Kamati ya Lugha lililoanza mwaka 1930. Lipo Swahili Forum, linalosomwa bure mtandaoni. Msomi wetu anayechunguza redio ya Kiswahili, wasikilizaji wa Kiswahili na habari za Kiswahili, akiandika kwa Kiingereza ili asomwe na walio mbali, anafanya vema. Lakini asipoacha hata ukurasa mmoja kwa lugha ya watu aliowasikiliza, amewanyima nafasi ya kumjibu. Elimu isiyoweza kujibiwa na wanaohusika ina kasoro hata ikinukuliwa mara ngapi.

Najua wahadhiri wengi wananisikiliza wakisema: tunaelemewa na vipindi, wanafunzi ni wengi, fedha za utafiti ni haba, na atakayepoteza muda kwenye mikutano ya kijiji atapitwa na mwenzake anayechapisha. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo huu siuweki mabegani mwa mhadhiri mmoja mmoja. Ni wa baraza la chuo linaloamua nini kihesabiwe. Watu hufanya kinachohesabiwa. Badilini hesabu, mtaona walimu wakipanda King'ori na matokeo yao mkononi.

Na wewe msikilizaji una sehemu yako. Mtafiti haingii kijijini kwa miguu yake tu. Anabeba barua kutoka chuoni, inapita wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha mezani kwa mtendaji wa kijiji, ndipo anaruhusiwa kugonga mlango wako. Mtendaji unayenisikia, mkaribishe kijana huyo vizuri, ni mtoto wetu na tunamhitaji. Kabla hujagonga mhuri, muulize utafiti wake utarudi kijijini lini, kwa lugha gani, na nani atausoma mbele ya mkutano. Akijibu, andika tarehe hiyo kwenye daftari la wageni, pembeni ya jina lake, na namba ya simu ya msimamizi wake chuoni. Tarehe ikipita, piga simu uulize, kwa adabu, na uulize tena. Vijiji kumi vikifanya hivyo mwaka huu, vyuo vyetu vitajua kwamba upo upande mwingine unaohesabu.